Kufufua Injini Kuukuu

Vitu vilivyoundwa kwa mikono ya watu huzeeka kama watu wanavyozeeka, ila vyenyewe haviagi. Nguo huchakaa ikatupwa, jembe hulika likapelekwa kwa mhunzi, chungu hupasuka kikawa kigae, na katika hali hizo zote mwenye kitu hana haja ya kufikiri sana. Injini haina desturi hiyo. Huzeeka polepole na kwa siri, huku ikifanya kazi, na siku inapokataa kuwaka humwuliza mwenyewe swali ambalo jembe halikupata kumwuliza: je, chuma hiki kirudishiwe nguvu zake kwa gharama, au kiachwe kipumzike? Watu wengi hudhani kuwa jibu lake lipo kwa fundi na katika mkoba wa fedha. Fundi na mkoba wana maneno ya kusema, lakini ni maneno ya mashahidi. Hakimu ni dhamiri ya mwenye injini, na dhamiri hiyo aghalabu huingia barazani ikiwa imekwisha kula rushwa ya kumbukumbu.

Injini iliyowatia watu wengi wa Afrika ya Mashariki katika swali hili ni ile ndogo ya dizeli, yenye silinda moja, iliyoundwa na kampuni ya R. A. Lister ya Dursley, mji mdogo wa Gloucestershire katika Uingereza. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1867, na kazi yake ya awali ilikuwa zana za wakulima. Kufika mwanzo wa miaka ya 1930 ilikuwa imekwisha kutoa injini iliyopewa herufi CS, ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuwaka baridi, kwa kuwa mtu mmoja aliweza kuiwasha alfajiri kwa hendeli bila ya kukipasha moto kichwa chake kwanza, kama zilivyohitaji kupashwa injini nyingi za mafuta mazito zilizoitangulia. Iliyopendwa zaidi ilikuwa ya nguvu ya farasi 6. Huzunguka mara 650 tu kwa dakika, ilhali injini ndogo za siku hizi zenye nguvu kama hizo huzunguka zaidi ya mara 2,000. Ina magurudumu mawili mazito ubavuni, na pipa la maji pembeni ambalo maji yake hujizungusha yenyewe, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka, bila ya pampu yoyote. Uzito wake ni zaidi ya kilo 300. Haikuundwa ili ibebwe; iliundwa ili ifungwe katika saruji na kusahauliwa.

Ilienea kila palipokuwa na kazi pasipokuwa na umeme: visimani, mashambani, na zaidi ya yote katika vibanda vya kusagia mahindi. Kabla ya kibanda hicho, unga ulikuwa kazi ya mgongo wa mwanamke. Mchi na kinu kwanza, kisha jiwe, kisha ungo, na jua likiwa halijachomoza bado. Mlio wa injini ulipoanza kusikika ng'ambo ya bonde, pu, pu, pu, mzito na wenye nafasi katikati, wasichana waliokuwa wakiamshwa usiku kutwanga walilala saa moja zaidi. Wanaoandika habari za maendeleo huandika sana juu ya barabara na madaraja. Saa hiyo moja ya usingizi haijapata mwandishi wake.

Sasa ichukuliwe nyumba moja ya wilaya ya Handeni. Si nyumba yenye jina. Imekusanywa kutoka nyumba nyingi, na atakayeitafuta hataiona, ingawa anaweza kushangaa kuikuta kwake mwenyewe. Baba wa nyumba hiyo alinunua injini ya Lister ikiwa imekwisha kutumika, kutoka katika shamba la mkonge lililokuwa likifungwa, akaifunga kwa mkanda na mashine ya kusaga, akalea watoto kwa fedha za debe na nusu debe. Miaka ilipita, baba akafa. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam na ana mshahara. Binti wa mwisho ndiye aliyebaki na kibanda. Mama ni mzima, na paa la nyumba yake linavuja. Injini nayo imechoka: inawaka kwa shida, inakula oili, inatoa moshi wa buluu, na wateja wameanza kupeleka mahindi yao kijiji cha pili. Nguzo za umeme zimefika, kama zilivyofika katika vijiji vingi vya Tanzania tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007. Kwa hiyo njia ziko kadhaa. Injini inaweza kufunguliwa na kufanywa upya, inaweza kununuliwa nyingine ndogo na nyepesi ya mwendo wa kasi, au inaweza kufungwa mota ya umeme na chuma cha baba kikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hapimi utu wa kitu bali kilo zake.

Kaka alipopata habari alituma ujumbe mfupi: injini ya baba haiuzwi kwa kilo, itengenezwe, yeye atatoa sehemu ya gharama. Maneno mazuri. Mtu ayasikiaye kwa mara ya kwanza humpenda aliyeyasema. Walakini yanapasa kupimwa, na kipimo cha kwanza hakimo moyoni mwa kaka. Kimo ndani ya silinda.

Pistoni ya injini hii husafiri inchi 5.5, yaani karibu sentimita 14, kutoka chini hadi juu, na hurudi mwendo uleule kila mzunguko. Kwa mizunguko 650 ni mita 181 kwa dakika na karibu kilomita 11 kwa saa. Injini inayosaga saa sita kwa siku, siku 300 kwa mwaka, huifanya pistoni yake itembee kilomita 19,600 kila mwaka bila ya kutoka ndani ya tundu lisilopita upana wa kikombe kikubwa. Katika miaka miwili imekaribia kuizunguka dunia. Katika miaka arobaini imekwenda mwezini na kurudi. Safari yote hiyo huandikwa ukutani mwa silinda. Huandikwa zaidi juu kuliko chini, kwa sababu juu ndiko moto ulipo mkali na oili ilipo chache, na huko ringi za pistoni husimama kidogo kabla ya kugeuka. Tundu lililokuwa mviringo kamili hugeuka kuwa na umbo la yai, lililokuwa sawa juu na chini hugeuka kuwa kama faneli, na ukingo mdogo hubaki juu kabisa, pale ambapo ringi hazikufika. Fundi hupitisha ukucha juu ya ukingo huo, akanyamaza.

Matokeo yake si ya chuma peke yake. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Hewa ikipenya pembeni mwa ringi haibanwi inavyopasa, isipobanwa haipati joto, na isipopata joto mafuta hayawaki. Mtu aliyeshika hendeli huzungusha, hupumzika, huzungusha tena. Baridi ya asubuhi za Julai huongeza uzito. Injini ikiwaka kinyumenyume kwa ghafula, hendeli inaweza kumvunja mkono. Kwa hiyo uchakavu wa milimita moja ndani ya silinda hulipwa kwa bega la binti yule kila alfajiri, na bega hilo halikutajwa katika ujumbe wa kaka.

Hapa pana jambo ambalo wataalamu wa maadili hulipita upesi. Husemwa kwamba mtu aamue kwa kuujua ukweli, kana kwamba ukweli umewekwa mezani ukingoja kuokotwa. Ukweli wa injini una bei yake. Haijulikani kama krenki, yaani mtaimbo uliopindwa unaougeuza mwendo wa juu na chini kuwa mwendo wa kuzunguka, ni nzima au imeliwa, mpaka injini ifunguliwe. Na kuifungua kwataka siku ya fundi, gasketi mpya, na kibanda kufungwa wakati wateja wapo. Mtu maskini hulazimika kununua ujuzi kabla ya kununua kitu chenyewe, na akiisha kuununua huona haya kutokiendea kitu alichokwisha kukitolea fedha. Ndivyo watu wengi walivyoingia katika matengenezo wasiyoyataka: walilipa ili wajue, kisha wakalipa kwa sababu walikuwa wamekwisha kulipa. Fundi mwaminifu hulijua jambo hili, humwambia mteja mapema kwamba kufungua si ahadi ya kutengeneza. Fundi asiye mwaminifu hulijua vilevile.

Injini ikifunguliwa, huanza hesabu ya nini kibadilishwe. Silinda huchongwa upya ili iwe mviringo tena, au huwekewa ngozi mpya ya chuma ndani. Pistoni na ringi huwa mpya. Krenki hukerezwa mpaka makovu yake yaishe, na beringi nene zaidi huwekwa kujaza pengo. Valvu, springi, nozeli na pampu ya mafuta zina zamu yao. Vipuri si haba, kwa kuwa viwanda vya Rajkot, katika jimbo la Gujarat nchini India, viliendelea kuunda injini za mfano uleule hata baada ya Dursley kuziacha katika miaka ya 1980. Mafundi wanaozijua injini hizo za Rajkot hushauri zifunguliwe na kuoshwa kabla ya kuwashwa mara ya kwanza, maana mchanga wa kalibu wakati mwingine husahauliwa ndani. Lakini vipuri vyake vingi huingia katika mwili wa Kiingereza bila ya ugomvi. Kazi ikimalizika, mwili wa nje na yale magurudumu mawili ndiyo yaliyobaki ya zamani, pamoja na kibati chenye jina na namba. Je, hiyo ni injini ya baba?

Swali hili lina umri mkubwa kuliko injini zote. Plutarch aliandika kwamba Waathene walikihifadhi chombo cha Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia nyingine, hata wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakasema ni chombo kilekile, wengine wakasema sicho. Thomas Hobbes, katika kitabu alichokitoa mwaka 1655, alilikaza fundo hilo zaidi. Itakuwaje, aliuliza, kama mtu atazikusanya mbao zote zilizoondolewa na kuziunganisha tena kwa mpango wao wa kwanza? Vyombo viwili, na kila kimoja kina dai. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hawakuhitaji kwenda Athene kuliona jambo hili. Mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya misumari, ulikuwa ukitaka kamba mpya kila za zamani zilipochoka. Baharia hakusema kwamba amepata mtepe mwingine. Alisema ameushona.

Neno la baharia lina hekima ambayo mjadala wa Athene unaipungukia. Yeye alikiita chombo kwa kazi yake na kwa mkono uliokitunza, na kubadili kamba kulikuwa sehemu ya maisha ya chombo kama kula kulivyo sehemu ya maisha ya mtu. Kwa kipimo hicho, injini ya Handeni ilikuwa ikifanywa upya kidogo kidogo miaka yote. Baba mwenyewe alibadili ringi, alibadili nozeli, na hapana shaka aliwahi kufunga bolti ambayo haikutoka Dursley wala Rajkot bali katika gari lililokufa njiani. Basi hoja ya kwamba injini ikifanywa upya haitakuwa ya baba tena ni hoja dhaifu. Lakini na ile hoja ya pili, kwamba ikifanywa upya baba atabaki kibandani, huanguka kwa pigo lilelile. Kilichoifanya injini iwe ya baba kilikuwa kuwasha na kutunza, na kuwasha na kutunza kumekwisha kuhamia mikononi mwa binti. Kama uzi umeendelea bila ya kukatika, mwisho wake ameushika yeye.

Hoja ya kaka haifi kwa hayo. Ina upande wa haki, na si vyema kuupunguza. Injini nyepesi ya kasi hununuliwa kwa fedha kidogo na huwaka kwa urahisi ikiwa mpya, lakini hukimbia mno, na anayeisagishia mahindi kutwa nzima hujikuta dukani tena kabla hajalisahau deni la kwanza. Injini ya zamani iliundwa na watu waliotazamia kwamba itaharibika. Kila kitu kinafunguka kwa spana, na fundi wa kijijini anaweza kuielewa kwa kuitazama. Ndani ya kitu kilichoundwa ili kitengenezwe mna heshima fulani kwa mwenye kukitumia. Hakifichi siri zake wala hakimlazimishi kusafiri maili mia kwa ajili ya kifuniko. Mota ya umeme ni nzuri na kimya, lakini ikiungua, kijiji hakina la kufanya ila kungoja. Na umeme ukikatika wakati wa mavuno, mahindi yatasubiri. Vijana wawili wanaojifunza kwa fundi yule watajifunza zaidi katika silinda moja iliyofunguliwa kuliko katika mota kumi zilizofungwa. Elimu hiyo ikipotea haitarudishwa kwa ruzuku.

Yote hayo ni kweli, na yote yana kasoro moja: ni faida za watu wengi zinazolipwa na mtu mmoja. Ufundi wa vijana, fahari ya ukoo, heshima kwa vitu vya kudumu, haya ni mema ya umma. Binti akiambiwa ayabebe peke yake kwa hendeli kila asubuhi, anatozwa kodi ambayo hakuna baraza lililoipitisha. Wenye kusifu vitu vya kale wana tabia ya kuwaachia wengine kazi ya kuvitunza. Msifu wa nyumba za udongo hukaa katika nyumba ya matofali, na msifu wa mchi ana mashine jirani.

Katika Uingereza kwenyewe jambo hili limepata suluhisho la namna yake. Wako watu huko, wengi wao wastaafu, wanaozikusanya injini hizi ndogo, kuzisafisha, na kuzipeleka viwanjani wakati wa kiangazi ziwake mbele ya watazamaji. Hazisagi wala hazivuti maji, huwaka tu. Wenyewe wana ugomvi mzito juu ya rangi: wengine huipaka injini rangi mpya ya kijani mpaka ing'ae, wengine huona kwamba kuifuta rangi chakavu ni kuifuta historia, nao huipangusa kwa kitambaa chenye mafuta na kuiacha na makovu yake. Si haki kuwacheka. Wanalipa kwa fedha zao, wanazungusha hendeli kwa mabega yao, na hakuna anayekosa unga wakikosea. Mapenzi yao ni safi kwa sababu hiyo. Mapenzi ya kaka wa Dar es Salaam yangekuwa safi vilevile kama angeichukua injini, akaifunga uani kwake, akaiwasha kila Jumapili. Ila hilo hakulisema. Alisema itengenezwe na ibaki kule.

Kwa nini? Yamkini kwa sababu ambayo hakumwambia mtu. Baba alipozikwa yeye hakuwapo. Mabasi yalichelewa, au ruhusa kazini ilichelewa, na alipofika matanga yalikuwa yakivunjwa. Tangu hapo amekuwa akitafuta kitu cha kumfanyia marehemu, na marehemu hahitaji kitu. Injini imejitokeza mahali pa kaburi. Majuto ya namna hii hayachekeshi, na nyumba nyingi zina chombo kimoja kilichobebeshwa mzigo ambao hakikuundwa kuubeba: cherehani, redio, baiskeli, mashua inayooza juu ya mchanga. Lakini majuto ni mshauri mbaya wa matumizi, kwa kuwa hayajui kushiba. Aliyetengeneza injini ili alipe deni la maziko ataona, injini ikiisha kuwaka, kwamba deni liko palepale. Kisha ataikasirikia ikiharibika tena, au atamkasirikia aliyekuwa akiiendesha.

Mama hakuulizwa kwa muda mrefu. Watu hudhani mjane atasema yale yanayotazamiwa. Alipoulizwa alisema, "Baba yenu alikuwa akiilaani kila asubuhi. Siku ikiwaka upesi aliipiga kofi mgongoni kama punda, akaja kunywa chai." Hakusema zaidi, na wala hakulitaja paa. Watoto wote wawili walicheka, kila mmoja akadhani mama amemwunga mkono yeye.

Katika shauri hili, haki ya kukata neno ni ya yule atakayeishi na matokeo yake alfajiri. Si kwa sababu yeye ana busara kuliko wengine. Binti naye anaweza kukosea, anaweza kuvutwa na ukimya wa mota akasahau bei ya umeme, anaweza hata kuichukia injini kwa sababu bega linamwuma na si kwa sababu ya hesabu. Lakini kosa lake atalirekebisha mwenyewe, maana litamwuma yeye kwanza. Kosa la kaka halitamfikia kaka ila kama habari. Mtu hapati haki ya kuamua kwa ukubwa wa mapenzi yake, wala kwa kutoa sehemu ya fedha, kama sehemu iliyo kubwa zaidi italipwa kwa mwili wa mtu mwingine. Kaka anayo haki nyingine, nayo si ndogo: asikute siku moja injini imekwisha kupakiwa katika gari la vyuma chakavu bila ya kuambiwa. Kitu kilichowalea wote hakiagwi na mmoja.

Na kuna jambo la chuma chenyewe, ambalo halina mapenzi wala majuto. Kila silinda inapochongwa upya, chuma fulani huondoka kisirudi. Kila krenki inapokerezwa huwa nyembamba, na kiwango kipo: hukerezwa elfu kumi za inchi, kisha elfu ishirini, kisha elfu thelathini, na baada ya hapo fundi mwenye dhamiri hukataa. Kwa hiyo kufufua injini kwa ajili ya fahari, kisha kuiacha isimame kibandani bila ya kazi, ni kuila akiba ya kitu hicho bure. Anayekuja baadaye, mwenye haja ya kweli, atakuta nafasi yake imekwisha kutumiwa. Laiti hili lingekumbukwa na wenye kutengeneza vitu vya kale kwa ajili ya kutazamwa tu. Wakati mwingine kumheshimu mzee ni kumwacha alivyo, amepakwa mafuta, chini ya paa lisilovuja, mpaka ijulikane anatakiwa kwa kazi gani.

Kaka alikuja Handeni mwezi wa saba, akakuta injini imefunguliwa. Binti ndiye aliyelipia kazi hiyo, kutoka katika fedha za debe, kwa kuwa hakutaka kubishana juu ya kitu kisichojulikana. Fundi mzee alikuwa ameinama juu ya silinda. Aliingiza ringi ndani, akaisukuma sawasawa kwa kichwa cha pistoni, akapima pengo lake kwa mabamba membamba ya chuma, juu, katikati na chini. Juu pengo lilikuwa pana kiasi cha kutia haya. Krenki ilikuwa nzima kuliko alivyotazamia. Itatosha kukerezwa mara moja. Mwili wa injini haukuwa na ufa. Kwa maneno mengine, injini yaweza kupona, na habari hiyo, ambayo kaka aliisafiria, haikumaliza jambo lolote. Kama ingekuwa na ufa, wote wangelia kidogo na kuachana kwa amani.

Fundi aliandika vipimo kwa kalamu ya risasi juu ya kipande cha boksi la nozeli, na chini yake akaandika bei ya kila kimoja, pamoja na ya ufundi wake, bila ya kuipunguza wala kuipamba. Kaka alinyosha mkono. Fundi alimpa binti.

"Soma, mwanangu," alisema. "Usiponifahamu niulize."

Binti alisoma mpaka mwisho, akakunja boksi, akalitia katika kanga kiunoni. Kisha akauliza kama silinda inaweza kukaa wazi hivyo kwa wiki mbili. Fundi alijibu kwamba haiwezi, umande wa usiku mmoja watosha kuitia kutu. Basi akachukua kitambaa, akakichovya katika oili safi, akaanza kuipaka silinda kwa ndani, polepole, kuzunguka, mpaka chini. Na kwa kuwa jua lilikuwa limekuchwa na kibanda kina giza, kaka yake alimshikia taa.